Kidude cha Mzee Seidell

Jamani habari za jioni, asanteni kwa kuja na mvua yote hii. Leo ni mkemia wa Marekani anaitwa Atherton Seidell, kazaliwa Georgia mwaka 1878, na najua wengi hamjawahi hata kumsikia.

Kazi yake ilikuwa umumunyifu, yaani kitu gani kinayeyuka kwenye nini, kwa kiasi gani, joto likiwa ngapi, na mwaka 1907 akatoa kitabu kizima cha majedwali ya hivyo vitu. Sasa we fikiria, kitabu cha namna hiyo huwezi kukaa maabara ukapima kila kitu mwenyewe, utazeeka hujafika nusu, inabidi ufukue majarida ya wenzako mpaka macho yaume. Kwa hiyo maktaba kwake haikuwa sehemu ya kupitishia muda, ndo kazi yenyewe ilipo.

Na enzi hizo ukitaka makala ambayo kwenu haipo unafanyaje? Unaandika barua, wanakufungia libuku zima wanalitia posta, we unataka kurasa nane tu, na likiwa kwako mwingine akilitaka anaambiwa limetoka, njoo baadae.

Seidell akasema hapana bwana, msiazimishe, pigeni picha. Filamu ya milimita 35, hiyohiyo ya sinema, kurasa zinaingia humo, jarida linarudi rafuni, mtu anatumiwa kipande cha filamu na kinabaki chake, hakuna cha kurudisha! Mwaka 1934 huduma ya hivyo ikaanza kwenye maktaba ya Wizara ya Kilimo pale Washington, ikaitwa Bibliofilm, yeye na Watson Davis, mtu wa kusambaza habari za sayansi, wakiwa kati ya walioisukuma, kamera katengeneza daktari wa jeshi la majini anaitwa Draeger. Baadae akahamishia nguvu maktaba ya tiba ya jeshi, na huko alikuwa anatoa mpaka hela yake mwenyewe.

Ila shida ikabaki kwenye kusoma. Maandishi madogo kama mayai ya chawa, na mashine za kuyakuza kubwa, ghali, mtu binafsi hanunui. Ndo akapigania kidude cha bei rahisi cha kushika mkononi, unachomeka filamu, unaelekea kwenye mwanga, unachungulia. Mimi kusema ukweli kurasa ishirini hivyo shingo ingenishinda, lakini mzee alielewa kwamba nakala bila cha kusomea ni takataka tu.

Halafu akaona kitu kingine, mtu ataagizaje makala asiyojua ipo? Mwaka 1941 akaanzisha orodha ya kila wiki ya makala mpya za tiba, Current List. Mzee amefariki 1961, lakini orodha yake ilishageuka kuwa Index Medicus mpya mwaka 1960, yaani faharasa ya makala za tiba, na hiyo ndo ukoo wa PubMed, ule mtandao wa kutafutia makala za tiba mnaoufungua kwenye simu zenu hapo.

Haya, nani ana swali?