Mguu Mmoja Hewani: Maneno kwa Waamuzi Vijana wa Lubumbashi

Wadogo zangu, na ninyi mama mliokuja kujifunza kazi hii, jambo kwenu wote.

Leo ni kanuni ya 15 na ya 17 za mpira wa miguu: mpira wa kurusha, ambao huku tunauita tushi, na kona. Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kwa nini tusizungumzie penalti, jambo kubwa. Nitamjibu kwa kuanzia na mtu wetu.

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilikuwa inacheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Brazil wakapata faulo karibu na lango. Kabla hawajapiga, Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, akachomoka kwenye ukuta wa wachezaji wenzake akaubutua mpira mbali. Alipewa kadi ya njano. Dunia ilicheka, na mpaka leo wapo wanaorudia kuonyesha picha ile, eti Waafrika walikuwa hawajui sheria. Baadaye mwenyewe alisema wazi kwamba sheria aliijua. Jambo hilo bado linaniuma.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa nini? Kuvuruga mpira wa mpinzani kabla haujaanza kuchezwa. Sasa nendeni Jumapili yoyote kwenye mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi. Mrushaji amesimama na mpira wake, na mpinzani yuko mbele ya pua yake, anarukaruka, mikono juu. Kanuni inamtaka akae angalau mita 2 kutoka pale mpira unaporushiwa. Akisogea kumzuia mwenzake, ni kadi ya njano. Ndugu wa kosa la Ilunga kabisa, na mwamuzi anatazama tu.

Sasa mrushaji naye. Mpira unapotoka mikononi anatakiwa awe amesimama, ameelekea uwanjani, sehemu ya kila mguu ikigusa mstari au ardhi ya nje. Mikono yote miwili, kutoka nyuma ya kichwa na kupita juu yake. Na arushie pale mpira ulipotoka nje, si hatua kumi mbele karibu na lango la watu. Kukanyaga mstari si kosa. Wengi wenu mnaadhibu hilo, mkiacha lililo kosa. Akikosea namna ya kurusha, tushi inakwenda kwa timu ya pili. Ni adhabu nyepesi sana, ndiyo sababu sielewi woga wetu unatoka wapi.

Woga huo mimi ninaujua. Mwaka mmoja nilikuwa mshika kibendera kwenye mechi ya vijana, bado sifuri kwa sifuri, dakika za mwisho. Kijana akaja mbio, akarusha mpira mrefu, mguu wa nyuma hewani kabisa. Niliuona. Nikajiambia: ni tushi tu. Mpira ukaangukia ndani ya eneo la penalti, kichwa, bao. Kocha wa walioshindwa hakupiga kelele. Alinifuata taratibu akaniuliza, "Baba, uliuona ule mguu?" Nikamwambia sikuuona. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake wananisikiliza.

Kwenye kona, wizi wa kuweka mpira nje ya kiduara nitaupita haraka: kiduara chenyewe ni robo tu ya duara, mita 1 kutoka kwenye kibendera, na mpira ukigusa mstari au ukining'inia juu yake inatosha. Chokaa ikiwa imefutika, pimeni kwa hatua moja. Wapinzani wawe mita 9.15 kutoka kwenye robo duara hiyo. Na asing'oe kibendera apate nafasi ya kupiga; hakihamishwi.

Ugonjwa mkubwa uko mbele ya lango: kushikana. Jezi zinavutwa, mikono imezunguka viuno, golikipa amebanwa. Hapa sikilizeni vizuri. Mpira wa kona unaanza kuchezwa pale tu unapopigwa na kusogea waziwazi. Beki akimshika mshambuliaji kabla ya hapo, huwezi kutoa penalti. Simamisha kona isipigwe, waite wote wawili, waonye. Wakirudia, toa kadi. Mpira ukishapigwa na beki bado ameng'ang'ania jezi, hiyo ni penalti, hata kama ni dakika ya 2, hata kama ni nyumbani kwao. Mshambuliaji akimsukuma beki, faulo iende kwa beki. Mwamuzi anayesubiri mpira upite ndipo atazame kushoto na kulia amewaambia wachezaji wote kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Mtaniambia: Baba, tukipiga filimbi kila mara, mchezo utakufa. Mimi nimeona kinyume chake. Adhibu tushi ya kwanza mbovu, dakika ya 3, kwa utulivu, bila ukali wa uso. Ya pili utaona mrushaji anatazama miguu yake mwenyewe. Ukiacha nane zikapita ukaadhibu ya tisa, hapo watasema umenunuliwa, na utakosa la kuwajibu kwa sababu nane za kwanza waliziona.

Nimeleta kamba mbili, moja ya mita 2 na moja ya mita 9.15. Macho yetu yanadanganya sana umbali. Twendeni nje, wawili wawili, kila mmoja akadirie kwanza kwa jicho, kisha apime kwa kamba.