Elektrodi ya pH haitaki maji matupu

Karibuni. Tuanze na hii elektrodi niliyoishika, kifaa cha kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au besi kwenye kimiminika. Chini kabisa pana balbu ya kioo chembamba, ndiyo inayohisi ioni za hidrojeni. Sasa tazameni juu yake kidogo, ubavuni: kile kidoti cheupe ni kauri yenye vinyweleo. Hapo ndipo kloridi ya potasiamu iliyomo ndani inapovujia taratibu hadi kwenye sampuli, ili elektrodi rejea, ile ya ndani yenye volti isiyobadilika tunayolinganishia, iungane na kile tunachopima. Balbu kila mtu anaiona na kuihurumia. Kidoti hakitazamwi, na mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Kosa linaloua elektrodi nyingi lina sura ya usafi: kuiacha usiku kucha ndani ya bika la maji yaliyotoneshwa. Uso wa balbu ukishalowa hujenga tabaka jembamba kama jeli, na tabaka hilo ndilo linalobadilishana ioni na sampuli. Maji matupu huzinyonya ioni kutoka humo. Wakati huohuo huivuta kloridi ipite kwenye kauri, na myeyusho wa ndani unazimuka. Asubuhi namba inatambaa tu, haitulii. Maji hayo ni ya kusuuzia, sekunde chache, basi.

Pa kulala pake ni kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita. Pimeni gramu 22.4, ziyeyusheni kwenye mililita 70 hivi za maji yaliyotoneshwa, kisha ongezeni maji hadi ujazo wote ufike mililita 100. Mimineni kidogo kwenye kofia ya elektrodi, balbu na kile kidoti vyote vizame. Kama hamna kloridi kwa siku hiyo, bafa ya pH 4, yaani myeyusho ambao pH yake inajulikana na haibadiliki kirahisi, inaokoa jahazi. Mkikuta ukoko mweupe umeota kwenye kofia msishtuke, ni chumvi iliyokauka, isuuzeni. Na elektrodi iliyokauka isitupwe kwa haraka: izamisheni kwenye kloridi hiyohiyo usiku mzima ndipo muihukumu.

Elektrodi za kujazwa myeyusho zina tundu la kujazia. Wakati wa kupima liwe wazi, wakati wa kuhifadhi lizibwe. Likizibwa wakati wa kupima, myeyusho hauvuji sawasawa na namba inayumba. Usawa wa ndani uwe juu ya usawa wa sampuli kwa sentimita 2 au zaidi, la sivyo sampuli ndiyo itakayoingia ndani. Mkiona kipovu cha hewa kwenye balbu, shikeni elektrodi wima muikung'ute kuelekea chini, kama mnavyokung'uta kipimajoto cha zebaki.

Baada ya kusuuza, gusisheni tishu laini inyonye tone. Msisugue: kusugua huzalisha umeme tuli, na kioo kikikwaruzwa hakirudi kilivyokuwa.

Kujua hali ya elektrodi, wekeni mita ya pH kwenye milivolti. Ndani ya bafa ya 7 isome kati ya −30 na +30. Isuuzeni, ihamishieni kwenye bafa ya 4. Katika nyuzi 25 za Selsiasi kila pH moja ni milivolti 59.16, kwa hiyo tofauti kamili kati ya bafa hizo mbili ni 177.5. Mkipata 170 mko kwenye asilimia 96, fanyeni kazi. Ikishuka chini ya 160 ni wakati wa kusafisha. Ila kwanza jiulizeni kuhusu bafa yenyewe. Ile ya 10 hasa hunyonya kaboni dioksidi hewani na pH yake ikashuka, na bafa iliyokwisha kutumika hairudishwi chupani hata kama inaonekana safi.

Usafishaji hufuata aina ya uchafu. Mafuta: maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji. Magadi na chokaa: asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, dakika 15. Protini, kama ya maziwa au damu, haitoki kwa asidi peke yake. Tieni pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini, ya asilimia 5 ndani ya asidi hiyo, izamisheni elektrodi humo na muiache saa moja. Kauri ikiziba kwa chumvi, loweka ncha kwenye kloridi yenye nyuzi 60 kwa dakika 10, kisha iache ipoe humohumo. Kwa vyovyote vile, mkimaliza mwageni myeyusho wa ndani, jazeni mpya, na ipumzisheni kwenye kloridi saa moja kabla ya kurekebisha mita kwa bafa.

Zilizojazwa jeli hazifunguliwi. Hizo tunaosha nje tu, zikichoka zimechoka. Na elektrodi inayotoa namba ileile katika bafa zote ina ufa kwenye balbu au waya umekatika, hakuna dawa ya kuloweka. Haya, nipeni ile iliyokauka tuizamishe sasa, kesho tuisome milivolti zake.