Novemba 3 Marekani: Viti Vingapi Vitahama? Hesabu Yangu Hii Hapa

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo siwatembezi madukani wala siwaonyeshi theluji. Leo ni siasa, uchaguzi wa Marekani wa Novemba 3, 2026, na kabla hujabonyeza ukatoka, ngoja nikwambie kwa nini mambo haya yanakuhusu wewe uliye Likoni, uliye Tanga, uliye Bujumbura, unayesubiri simu ilie kwamba pesa imeingia.

Hapa Columbus, Ohio, ukiingia duka la kutuma pesa kule Morse Road na noti mkononi, tangu Januari 2026 unakatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 1. Karatasi wameibandika kwenye kioo, maana wateja walichoka kuuliza na mhudumu akachoka kujibu. Dola 500 za karo, dola 5 zinabaki huku kabla hata ya ada ya duka lenyewe. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa, kodi hiyo haikugusi. Inayemgusa ni yule anayelipwa keshi, na mnajua ni nani hao.

Hiyo asilimia 1 ni nafuu, jamani. Rasimu ya kwanza ilitaka asilimia 5. Bunge la Wawakilishi likapitisha 3.5, kisha Seneti ikaishusha hadi 1. Sasa sikilizeni ile sheria iliyobeba kodi hii ilivyopita kule bungeni: Mei 22, 2025, kura 215 dhidi ya 214. Kura moja! Mbunge mmoja wa Republican alipitiwa na usingizi asipige kura, na Spika Mike Johnson mwenyewe akalisema hadharani. Upande wa Wademokrat, viti vitatu vilikuwa vitupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamefariki, mmoja wao, Gerry Connolly wa Virginia, jana yake tu. Seneti nayo, Julai 1, ikafungana 50 kwa 50 mpaka Makamu wa Rais JD Vance akaja kuamua.

Kwa hiyo mtu akiniambia uchaguzi wa katikati ya muhula ni mambo ya Wamarekani wenyewe, mimi namwonyesha ile karatasi ya kwenye kioo.

Swali ninalotumiwa sana kwa sauti za WhatsApp, wengi wenu mkiwa wakubwa zangu, ni hili: "Mwanangu, eti Trump anaondoka Novemba?" Haondoki, mzee wangu. Hayuko debeni. Muhula wake unaisha Januari 2029. Kinachopigiwa kura Novemba 3 ni viti vyote 435 vya Bunge la Wawakilishi, viti 35 vya Seneti na magavana 36. Sisi Wakenya tumezoea kura zote sita siku moja, kisha tunanyamaza miaka mitano. Huku mbunge anarudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo rais anakutana na hasira za watu kabla hajafika hata nusu ya safari yake.

Na hasira hizo zina historia. Tangu Vita vya Pili vya Dunia, chama cha rais kimepoteza viti vya Bunge la Wawakilishi katika karibu kila uchaguzi wa aina hii. Clinton mwaka 1994 alipoteza zaidi ya viti 50. Obama wetu, ambaye babake ni wa Kogelo, alipoteza 63 mwaka 2010, na kesho yake akakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba amepata kipigo. Trump naye alipoteza 40 mwaka 2018. Sababu si fumbo. Aliyeridhika hukaa nyumbani, aliyekasirika hupanga foleni. Mwaka 2014 wenye haki ya kupiga kura waliojitokeza hawakufika hata asilimia 37. Mwaka 2018, watu walipokuwa wamewaka, walifika karibu nusu.

Waliokwepa ni wawili tu. Clinton aliongeza viti mwaka 1998, Warepublikan walipokuwa wamemkalia kooni kwa kesi ya kumng'oa na wananchi wakachoshwa na kesi yenyewe. Bush mdogo naye akaongeza mwaka 2002, nchi ikiwa bado na kidonda cha Septemba 11. Angalieni walichokuwa nacho wote wawili: zaidi ya asilimia 60 ya wananchi walikuwa wanaridhika na kazi yao. Trump, kwa kura ya maoni ya kampuni ya Gallup ya Novemba 2025, alikuwa na asilimia 36.

Hapo ndipo wachambuzi wengi wa mitandaoni hufunga hesabu. Rais ana 36, historia inasema atapigwa, basi Wademokrat watazoa viti 50. Mimi hapo ndipo napunguza mwendo.

Kumbukeni 2022. Biden alikuwa na asilimia arobaini na kitu, mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, petroli haishikiki. Kila televisheni ilikuwa inaimba wimbi jekundu, yaani ushindi mkubwa wa Warepublikan, ambao rangi yao ni nyekundu. Warepublikan wakaongeza viti 9. Tisa! Kuna eneobunge moja kusini mwa jimbo la Washington ambako mgombea wa Democratic, Marie Gluesenkamp Perez, mwenye gereji ya magari na mumewe, alipewa na FiveThirtyEight, tovuti ya kutabiri uchaguzi, nafasi 2 kati ya 100. Akashinda. Tovuti yenyewe ilifungwa Machi 2025. Sisemi ni kwa sababu ya mama huyo, ila mimi nilicheka kidogo.

Kilichofanya wimbi la 2022 lisifike ni nini? Uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu utoaji mimba ulichangia, na wagombea wabovu pia. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haipati nafasi kwenye televisheni kwa sababu haina msisimko, nayo ndiyo nataka mwondoke nayo leo.

Kabla ya kuuliza upepo unavuma kiasi gani, uliza ni viti vingapi vimekaa mahali ambapo upepo unavifikia. Mwaka 2008, wabunge 49 wa Democratic walichaguliwa katika maeneo ambayo wapigakura haohao walimpa McCain, mgombea wa Republican, kura ya urais. Yaani wabunge 49 walikuwa wamekaa ugenini. Mwaka 2010 ulipofika, wengi wao walifyekwa. Baada ya 2016, Warepublikan waliokuwa ugenini namna hiyo walikuwa 23, na 2018 ikawamaliza wengi. Sasa baada ya 2024, mnajua Warepublikan waliokaa katika maeneo aliyoshinda Kamala Harris ni wangapi? Watatu. Mmoja wao, Don Bacon wa Nebraska, ametangaza hagombei tena. Wademokrat waliokaa maeneo ya Trump ni 13.

Kwa hiyo hata upepo uwe wa namna gani, viti vya kuokota chini havipo. Mmarekani wa siku hizi akimchagua rais wa chama fulani, anateremka na kura hiyohiyo mpaka kwa mbunge. Ule mtindo wa rais huku mbunge kule umebaki kwa wachache.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: Wademokrat hawahitaji 50. Mwaka 2024 matokeo yalikuwa 220 kwa 215, na wingi wa kulishika bunge ni 218. Wanahitaji vitatu vya nyongeza, basi. Ndiyo maana nasema kulichukua bunge ni jambo linalowezekana sana, na ushindi wa kishindo ni jambo gumu sana, na haya mawili hayapingani.

Halafu kuna mipaka. Kawaida huku mipaka ya maeneobunge huchorwa upya baada ya sensa, kila miaka kumi. Mwaka 2025 Trump aliwaomba Texas wachore katikati ya muongo ili apate viti vitano zaidi. Wabunge wa Democratic wa jimbo hilo wakatorokea Illinois ili kikao kikose akidi. Mwishowe walirudi na sheria ikapita Agosti. California wakajibu: Novemba 4, 2025 wapigakura waliidhinisha ramani mpya ya kuwaongezea Wademokrat hadi viti vitano. Missouri na North Carolina nazo zikachora kwa faida ya Warepublikan. Indiana ilinishangaza. Seneti ya jimbo, ambayo Warepublikan wanaitawala watakavyo, ilimkatalia Trump kwa kura 31 dhidi ya 19, na alikuwa ametishia watu hadharani.

Hapa kwetu Ohio ramani mpya imemsogezea Mdemokrat Marcy Kaptur wa Toledo wapigakura Warepublikan zaidi. Mama huyu yuko bungeni tangu 1983. Mwaka 2024 alishinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1 katika eneo ambalo Trump alilichukua. Mimi bado sithubutu kumzika kisiasa. Wamemzika mara nyingi.

Texas ndiyo ninayoiangalia kwa jicho la pekee, kwa sababu ile ramani imejengwa juu ya imani kwamba wapigakura wa asili ya Kilatino waliomhamia Trump 2024 wamehamia moja kwa moja. Samli ile ile ukitaka itoshe chapati nyingi zaidi, kila chapati inapata kidogo. Viti vikiongezeka kwa kura zilezile, kila kiti kinakuwa chembamba. Na dalili tumeziona. Passaic, kaunti ya New Jersey yenye Walatino wengi, ilimpa Trump ushindi 2024. Mwaka mmoja baadaye ilimpigia Mikie Sherrill wa Democratic, tena kwa pengo kubwa. Sherrill akawa gavana, na Abigail Spanberger akachukua Virginia, kila mmoja kwa zaidi ya pointi 10. Najua wengi wenu siku ile mlikuwa mnamshangilia Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kwa kuchukua umeya wa New York. Shangilieni, lakini kwa hesabu ya Novemba hii Passaic inaniambia mengi kuliko Mamdani.

Seneti ni habari nyingine kabisa. Warepublikan wana 53. Wademokrat wanahitaji vinne, kwa sababu wakifungana 50 kwa 50 Vance yupo. Kati ya viti 35, Warepublikan wanatetea 22, inasikika vizuri mpaka uangalie viko wapi. Ni kimoja tu, cha Susan Collins wa Maine, kilicho katika jimbo aliloshinda Harris. Na Collins mwaka 2020 alikuwa nyuma katika kura za maoni, kisha akashinda kwa zaidi ya pointi 8. Ukimtabiria kifo, jiandae kuomba radhi.

North Carolina naiona inahama. Thom Tillis, seneta wa Republican wa huko, aliikataa ile sheria iliyobeba kodi yetu ya kutuma pesa, Trump akamtishia mpinzani kwenye mchujo, naye akasema hagombei tena. Wademokrat wakamleta Roy Cooper, aliyekuwa gavana mihula miwili na hajawahi kushindwa katika jimbo zima. Ohio tunajaza kiti alichoacha Vance. Jon Husted aliteuliwa kukikalia, na Sherrod Brown wa Democratic, seneta aliyeangushwa 2024, amerudi kukitafuta. Brown ni mzuri kuliko chama chake hapa, lakini Trump aliishinda Ohio kwa pointi 11. Huo mlima ni mrefu. Texas? Kila uchaguzi Wademokrat huiota Texas. Na wakati huohuo lazima walinde Georgia ya Jon Ossoff na kiti kinachoachwa wazi Michigan, majimbo mawili aliyochukua Trump.

Haya, niweke maneno yangu mezani. Bunge la Wawakilishi: Wademokrat wanaongeza viti kati ya 15 na 30, nikibanwa nitaje namba moja nasema 22, na Hakeem Jeffries, kiongozi wao bungeni, anakuwa Spika. Seneti: Wademokrat wanaongeza viwili, Warepublikan wanabaki na 51. Siweki pesa, na msinitumie viungo vya Polymarket, ile tovuti ya kubeti matokeo. Kitakachonibadilisha ni bei ya petroli na vyakula ikishuka kweli ifikapo Septemba, au kiwango cha rais kupanda hadi arobaini na tano hivi.

Na msinielewe vibaya kuhusu ile kodi. Jeffries akiwa Spika haifutiki Januari. Kufuta sheria kunahitaji Seneti, kisha sahihi ya Trump, au theluthi mbili ya mabunge yote mawili kumpita, nayo haipo. Kitakachobadilika ni kwamba hawataweza kuipandisha kurudi 3.5 kwa kura moja usiku wa manane, na kamati za bunge zitaanza kuwaita mawaziri kujieleza.

Usiku wenyewe kwenu utakuwa alfajiri ya Jumatano, Novemba 4, kwa saa za Nairobi na Dar. Virginia wanafunga saa tisa usiku, Ohio na North Carolina saa tisa na nusu. Cooper akiongoza mapema na kwa raha, lala kidogo. Maine saa kumi. California wanafunga saa moja asubuhi, ukiwa kwenye matatu au daladala, na hao kuhesabu kwao ni wiki kadhaa. Mwaka 2024 kiti chao cha mwisho kiliamuliwa Desemba 3, Adam Gray akimshinda John Duarte kwa kura 187. Bunge likining'inia California, nitakuwa hapa na video mpya kila wiki mpaka waishe kuhesabu. Namba zenu ziandikeni hapo chini, za Bunge na za Seneti, nizione kabla ya Novemba. Ukiandika baada ya matokeo sikusomi.