Uzio wa umeme wa kuzuia wanyama wanaochimba bustanini

Haya, karibuni. Leo tunawafungia mlango sungura, fuko na nungunungu. Kabla hujakata waya hata mmoja, elewa hili: waya ukiufukia, umeme wote unaishia udongoni na fuko anapita zake. Chini ni kazi ya wavu, juu ndiyo kazi ya umeme.

Mtaro sm 30 kwenda chini. Penye fuko shuka hadi 60. Kuchimba sionyeshi, jembe mnalijua. Wavu uwe umepakwa zinki, matundu ya sm 1.3. Ya sm 2.5 sungura mkubwa hapiti, lakini fuko anapenya. Ukingo wa chini ukunje sm 30 kuelekea nje. Nje, jamani! Mnyama huanza kufukua pale pale wavu ulipo, kwa hiyo akute chuma chini ya kucha. Fukia, bakiza sm 40 juu ya udongo.

Nguzo za plastiki zikae sm 15 nje ya wavu, kila baada ya mita 2. Waya wa kwanza sm 10 kutoka chini, wa pili 20. Kwa nungunungu ongeza wa tatu kwenye 40. Miiba yake haipitishi umeme, inabidi aguse kwa pua.

Sasa kona. Kamera sogea... zaidi... hapo. Mnaona nguzo inavyolala ndani nikivuta waya? Ukiiacha hivyo, waya utagusa wavu. Konani chimbia nguzo nene ya mbao yenye vihami, yaani vishikio vya plastiki visivyopitisha umeme, ndipo ukaze. Ukishakaza, rudi uangalie kona. Ukiwasha ukasikia tik-tik, umeme unavuja: zima, rudi konani.

Ethi, yaani vyuma vya ardhini vinavyourudisha umeme kwenye mashine ya uzio: nondo 3 zilizopakwa zinki, mita 1.8 kila moja, zipishane mita 3, penye unyevu, angalau mita 10 kutoka ethi ya nyumba. Na wavu uunge kwenye ethi hiyo hiyo. Hapa ndipo ninapopapenda: mnyama akigusa wavu huku pua iko kwenye waya, anapigwa sawasawa hata udongo ukiwa mkavu.

Mashine ya uzio ya juli 0.5 inatosha bustani ndogo. Usichomeke waya wa uzio moja kwa moja kwenye soketi, hiyo inaua. Mashine hutuma mapigo mafupi, moja kwa sekunde hivi. Na kutoka mashine hadi uzio usitumie waya wa nyumbani, maana ganda lake halikutengenezwa kwa maelfu ya volti na litavuja. Nunua kebo ya uzio.

Tundika kibao cha tahadhari, washa, kapime mwisho wa uzio kwa kipimo cha uzio, siyo cha fundi umeme. Volti 4,000 kwenda juu, safi. Ikisoma 2,000, tafuta majani yanayogusa waya wa chini. Hakuna majani? Kona!