Nani Anashika Ufunguo wa Intaneti ya Nyumbani Kwako?

Wapangaji wenzangu, wenye nyumba mliokubali mwaliko, na nyinyi mafundi wa faiba ninaowaona mmekaa pamoja kule nyuma, asanteni kwa kuja jioni ya siku ya kazi.

Nimeombwa nizungumzie sheria za intaneti ya nyumbani. Mengi yanaweza kusemwa kuhusu bei na kasi, na nitayagusa. Lakini swali linaloniuma ni moja: ukiishi kwenye nyumba ya ghorofa hapa Nairobi, nani anaamua ni kampuni gani itakuletea intaneti? Ni wewe unayelipa, au ni anayeshika ufunguo wa geti?

Tuufuate waya wenyewe. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Kutoka Mombasa faiba inapanda hadi Nairobi, inagawanywa mitaani, mara nyingi ikining'inia kwenye nguzo za umeme, mpaka inafika kwenye ukuta wa ploti yako. Njia yote hiyo ina sheria. Anayemiliki miundombinu anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, anayeuza huduma naye anahitaji leseni, na anayechimba kando ya barabara anahitaji kibali. Kuendesha mtandao bila leseni ni kosa la jinai, hata kama ni kijana wa mtaa aliyenunua laini moja akawagawia majirani.

Halafu waya unaingia getini, na hapo sheria inalegea.

Mafundi, nisahihisheni nikikosea. Chini ya ngazi kuna kisanduku cha plastiki chenye kufuli. Kebo moja nene inaingia humo, na nyaya nyembamba zinatoka kupanda ghorofa baada ya ghorofa. Ufunguo anao keateka. Kampuni iliyotangulia ilishaelewana na mwenye jengo: atapata kitu kidogo kwa kila nyumba inayounganishwa, au atawekewa intaneti ya bure. Kampuni ya pili ikija inaambiwa nafasi hakuna. Ikifaulu kupenya, haipiti muda taa ya LOS, ile ya kuonyesha kuwa mawasiliano ya faiba yamekatika, inawaka nyekundu kwenye vifaa vya wateja wake. Fundi akipanda anakuta waya umekatwa kwa koleo, mkato mmoja safi, pale pale kwenye kona ya ngazi. Ukiuliza nani kakata, hakuna aliyeona. Mpangaji ana mtoto mwenye masomo ya mtandaoni, ana kazi ya kutuma kabla ya asubuhi. Anachoka, anahamia kampuni ya jengo, kwa bei ya jengo.

Sasa sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Haki hiyo inawabana watu binafsi sawa na taasisi za umma. Kanuni za Ulinzi wa Watumiaji za mwaka 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, zinaongeza kwamba mteja achague mtoa huduma anayemtaka, pale inapowezekana. Tundu liko hapo. Mwenye jengo akifunga mlango, jibu ni kwamba haikuwezekana, basi. Tena kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya wenye leseni, na mwenye jengo hana leseni ambayo Mamlaka ingeweza kumnyang'anya.

Najua wenye nyumba mtasema jengo ni mali yenu. Ni kweli, na nawaunga mkono kwa mengi. Una haki ya kukataa ukuta wako utobolewe ovyo. Una haki ya kupanga saa za mafundi na kuidai kampuni irudishie ilipobomoa. Ninachokataa ni wewe kuuza chaguo langu mimi. Hakuna mpangaji angekubali kuambiwa anunue unga duka moja tu kwa sababu mwenye duka anampa landilodi chochote.

Na kuna sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 21, inakataza makubaliano yanayozuia au kupunguza ushindani, isipokuwa yamepewa msamaha. Kwa maoni yangu, mkataba wa kuwafungia wengine nje ya jengo la nyumba mia haungeponea hapo. Tatizo ni kwamba mapatano haya mara nyingi ni ya mdomo, na malalamiko hayafiki mezani.

Wengine wameshapita njia hii. Marekani, tume ya mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku mwaka 2007 mikataba iliyoipa kampuni moja ya kebo jengo zima peke yake, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Wenye majengo na kampuni wakahamia kwenye migao ya mapato, yaani kampuni kumpa mwenye jengo sehemu ya pesa za wateja, na Februari 2022 tume ikalazimika kukataza migao ya kuipendelea kampuni moja. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2021: mpangaji akiomba huduma na mwenye jengo akapuuza barua za kampuni, kampuni inaweza kwenda kwa baraza la kuamua migogoro ikapewa ruhusa ya muda ya kuingia. Hii naipenda zaidi, kwa sababu inaanza na ombi la anayeishi humo.

Kuhusu kasi na bili nitasema machache. Pima kasi ukiwa umechomeka waya kwenye ruta, si kwa waifai ya chumba cha pili, na uhifadhi picha yenye tarehe. Ukipiga simu, dai namba ya malalamiko. Anza na kampuni, isipotatua nenda Mamlaka ya Mawasiliano. Ukiwa na hasara ya pesa, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai hadi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Na wakala wa kampuni ya intaneti akitaka kupiga picha kitambulisho chako kwa simu yake mwenyewe, mkatalie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje.

Sasa tuje kwa lililotuleta. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Rasimu iko mezani karibu na mlango. Inaomba kanuni za 2010 zirekebishwe ili mpangaji akiomba huduma kwa maandishi, mwenye jengo ajibu ndani ya muda uliowekwa, na akikataa atoe sababu ya kiufundi au ya usalama. Inaomba pia kila kampuni itangaze malipo inayompa mwenye jengo. Isomeni kabla ya kutia sahihi. Mwenye picha ya waya uliokatwa, au ujumbe wa simu aliokatazwa nao kuingiza kampuni nyingine, auchapishe tuuambatanishe. Mafundi, ushahidi wenu ndio mzito zaidi, na majina yenu hayatatajwa.