Tangi la treni linapimwa siku limeanguka

Haya jamani tuanze, waliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, sogeeni tu.

Leo naongelea mabehewa ya matangi, yale yanayobeba mafuta, gesi, klorini, amonia na vitu vya namna hiyo. Mifano yangu ni ya Marekani na Kanada kwa sababu sheria zao za kuunda haya matangi ndo nimezisoma kwa miaka mingi, na ukizisoma vizuri utaona karibu kila kipande cha chuma kina mji wake na mwaka wake, yaani kuna watu walikufa ndo kikawekwa.

Twende Kingman, Arizona, tarehe 5 Julai 1973. Behewa la propani limesimama, halijagongwa na chochote, wafanyakazi wanaunga mipira ya kushushia gesi, gesi ikavuja ikashika moto. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Sufuria ikiwa na maji haiungui, si ndio, maji yanakula lile joto, ila moto ukipanda ubavuni mpaka pale juu pakavu, hapo ndo panaungua. Tangi nalo ni hivyohivyo, chini kuna gesi iliyo majimaji inapooza chuma, juu kuna mvuke mtupu, kwahiyo chuma cha juu kinapata moto kinalegea huku presha ya ndani inazidi kupanda. Vali ya usalama inaweza kufunguka na kutoa gesi kama ilivyotengenezwa, lakini vali kazi yake kupunguza presha, haiwezi kurudishia chuma nguvu yake. Tangi likapasuka na wazima moto 11 wakafa, watu waliokuwa wamekuja kulipooza kwa maji.

Ndo maana leo sheria ya matangi ya gesi hiyo inadai kinga ya joto, tangi lihimili dakika 100 ndani ya dimbwi la moto, au dakika 30 likipigwa na ulimi wa moto moja kwa moja. Hizo dakika ni za kuwatoa watu majumbani, mtu asije akazihesabu kama namba ya kwenye karatasi tu.

Mwaka uliofuata, Julai 1974, kwenye yadi ya Decatur, Illinois, kapla ya behewa moja (ile mikono ya chuma inayoshikana kati ya behewa na behewa) iliruka juu ikatoboa kitako cha tangi la gesi. Nikisema kitako namaanisha ule uso wa mviringo wa mwisho wa tangi. Gesi ikatanda, ikalipuka, wafanyakazi wa reli wakafa. Dawa yake ilikuwa rahisi kabisa, kapla ziwekewe vizuizi juu na chini zisiweze kupandana treni ikigongana, na mbele ya kitako pachomelewe bamba nene, ngao. Mwisho wa miaka ya 1970 Marekani wakalazimisha hivi vitu kwa matangi ya gesi, hata yaliyokuwa tayari kazini yakarudishwa karakana, na milipuko ya aina ile ikapungua sana.

Sasa nikifika hapa huwa naumia. Dawa ilijulikana, ilipimwa, ilifanya kazi, lakini ngao na kinga ya joto zilibaki zaidi kwa matangi ya gesi. Matangi ya kawaida ya vimiminika, yanaitwa DOT-111, yaliendelea na ukuta wa milimita kama 11, mengi hayana ngao, hayana koti la chuma la nje, na chini yana koki ya kushushia yenye mpini uliojitokeza. Fikiria tangi limelala linaburuzwa kwenye kokoto, ule mpini ukikwama ardhini unafungua koki wenyewe. Wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani walishaandika mwaka 1991 kwamba haya matangi ni dhaifu. Juni 2009 pale Cherry Valley, Illinois, treni ya ethanoli (spiriti inayowaka) iliacha reli, matangi 19 yakaanguka na 13 yakamwaga, mwanamke aliyekuwa kwenye gari akisubiri treni ipite akafa.

Alafu ikaja Lac-Mégantic, Quebec, usiku wa tarehe 6 Julai 2013. Treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi imeegeshwa kilimani na dereva mmoja, breki za mkono 7 tu zimefungwa, nyingine ni breki ya upepo ya kichwa cha treni. Kichwa kikashika moto, wazima moto wakakizima na injini ikazimwa, upepo wa breki ukaanza kuvuja taratibu bila injini ya kuujaza, treni ikaondoka yenyewe gizani kama kilomita 11 mpaka katikati ya mji, kwa spidi ya kilomita 104 kwa saa. Matangi 63 yaliacha reli, lita kama milioni 6 zikamwagika, watu 47 wakafa. Makosa ya breki yapo na yameandikwa, lakini mimi nikiwa fundi wa kuchomelea naangalia zile picha najiuliza swali la pili, tangi likishaanguka lilitegemewa kufanya nini? Karibu yote yaliharibika, mengi yakafunuka matundu makubwa.

Mei 2015 nchi zote mbili zikatoa aina mpya ya tangi, inaitwa 117. Ukuta milimita 14 wa chuma kilichopashwa moto na kupoozwa ili kisivunjike kama kioo, ngao ya kitako kizima kama milimita 13, koti la nje, kinga ya joto, na mpini wa koki unaojitenga ajali ikitokea. Ngao na kinga ya joto ni zilezile za miaka ya 1970.

Kuna kijana ameuliza kwanini yale matangi dhaifu ya DOT-111 hayakutolewa yote mara moja. Sababu wanazotoa ni idadi ya matangi na nafasi kwenye karakana, na uzito pia, behewa lina kikomo cha tani kama 130 kwahiyo ukiongeza chuma unapunguza mzigo. Naelewa hesabu hiyo ila sikubaliani na walipofika nayo. Mafuta ghafi yalihamishiwa matangi imara kwanza, ila kwa Marekani vingi vya vimiminika vingine vinavyowaka vimepewa mpaka 2029. Februari 2023 pale East Palestine, Ohio, bearingi ya gurudumu ilichemka treni ikaanguka, matangi ya DOT-111 yakapasuka na kuwaka, na moto wao ukaenda kuyachoma matangi ya vinyl chloride (kemikali ya kutengenezea plastiki) ambayo ni imara zaidi na yenyewe hayakuwa yamepasuka. Siku tatu baadae wakayatoboa na kuyachoma makusudi wakihofia yatalipuka, na baadae wachunguzi wakasema haikuwa lazima.

Kwahiyo kijana wangu, tangi imara lilikuwa salama mpaka pale lilipolala karibu na lile dhaifu.