Nilianza kwa kuhesabu meseji

Asanteni jamani. Nimeambiwa nieleze nilivyoingia kwenye huu utafiti wa watu wanaoandika onlaini baada ya kuumizwa, na ukweli mi sikuingia, niliangukia. Shahada ya pili nilikuwa nahesabu meseji tu, nani kamjibu nani, baada ya dakika ngapi, zinasema nini sijui wala sijali, nikaona hiyo ndo sayansi yenyewe.

Sasa kukawa na mtu mmoja ananiharibia grafu. Anaandika saa tisa usiku, ndefu, hajibiwi, na haachi. Ikabidi nisome. Mwanzoni aliandika "ilitokea". Wiki kadhaa mbele ikawa "walinifanyia". Halafu "nilinyamaza kwa sababu niliogopa". Tukio ni lile lile ila yeye kahama ndani ya kitenzi, manake kule mwanzo hayupo kabisa, katikati yupo lakini anatendwa, mwisho ndo anaongea mwenyewe. (Maneno nimeyabadili kidogo, ukiyaweka yalivyo mtu anayasaka intaneti anampata mwenyewe.)

Nikaanza kusoma waliotangulia. 1986 kule Marekani watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika jambo lililowaumiza, dakika 15, siku 4 mfululizo, na miezi iliyofuata walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda kliniki mara chache kuliko wenzao. Ila wakishamaliza tu kuandika walijisikia vibaya zaidi, hiyo watu wakisimulia huwa wanairuka. Baadaye Pennebaker na wenzake wakatengeneza programu ya kuhesabu maneno, na mojawapo wanaloliangalia ni mtu anavyojitaja.

Basi nami mbiombio nikahesabu "mimi" kwenye data yangu, zikatoka chache mno, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba wanaoandika Kiswahili hawajisemi. Aibu hiyo! Kiingereza neno hilo linasimama peke yake, sisi letu limejibanza ndani ya kitenzi, na linahama: "nilipigwa" unanipata mimi, aliyenipiga hayupo, "walinipiga" wanatajwa, mi nimebanwa katikati. Programu haioni hayo, nikayahesabu kwa mkono, na mpaka leo nusu ya kazi yangu ndo hiyo.

Yule wa saa tisa usiku aliacha kuandika ghafla. Mwenzangu akasema kwenye kisanduku cha kwa nini kaacha weka "amepona". Kile kisanduku nimekiacha wazi.